Kina

Kila Ijumaa, kabla jua halijapasha mawe ya Nyashishi,
nafungua kufuli, nainua kifuniko cha chuma,
nateremsha utepe wenye namba ndani ya bomba
jembamba kama mkono wa mtoto.
Ukigusa maji, kidude hulia: ti.
Nasoma. Naandika. Nafunga.
Posho yake hainunui gunia la mkaa.

Ziwa lile pale, linaonekana,
limelala kati ya mawe kama ng'ombe aliyeshiba,
na mwaka huu limepanda, limemeza nyanya za watu
na choo kizima cha mwalo.
Ndiyo maana shemeji yangu Nkwabi hunicheka:
"Limi, una maji mpaka upeo wa macho,
nawe umeinama kuchungulia tundu!"
Simjibu. Bomba la mjini halijapanda kilima hiki,
na ndoo ya ziwani, ukiibeba hadi hapa,
inafika nusu, na shingo si yako tena.

Huku juu tunakunywa nyufa.
Fundi Lugembe, aliyekuja na mtambo wake toka Kahama,
alitutia viganjani unga wa jiwe, ungali na joto:
mita thelathini, jiwe; mita hamsini, jiwe;
mita sitini na mbili, ufa —
maji yakaruka na tope lake, watu wakatimka
kama waliofumaniwa.
Chini hakuna ziwa, alisema, msidanganyike.
Hakuna mto, hakuna pipa.
Ni jiwe lililopasuka, na mvua za zamani
zimejibanza mle mpasukoni.

Kumi na moja nukta nne. Namba ya kwanza daftarini.
Kisha Maduhu akachimba chake, akaanza kufyatua matofali.
Kisha waosha magari. Kisha kanisa. Kisha shule yenye geti.
Kila mmoja na pampu yake, kila mmoja na ukuta wake,
kana kwamba ukuta unashuka hadi huko.
Kumi na tatu. Kumi na tano nukta sita.
Namba ikikua, maji yamekwenda mbali:
nimemweleza mwenyekiti mara tatu,
na mara tatu amenipongeza kwa kupanda.

Shuleni tulifundishwa shairi lazima liwe na vina.
Langu lina kina kimoja, nacho kinashuka.

Mwezi wa tisa kisima cha Kwandu kikatoa hewa.
Kisima cha jembe na sururu, cha marehemu mumewe, mita kumi na nane.
Alitupa ndoo, ikarudi na sauti tu.
Hajawahi kuwa na pampu. Hajafyatua hata tofali moja.
Alikuja kwangu, akaomba daftari,
akapitisha kidole juu ya namba asizozisoma,
akauliza: "Mimi ni ipi hapa?"

Nikiri na langu. Kuna Ijumaa moja, mwanangu ana homa,
sikupima. Niliandika namba ya wiki iliyopita,
nikaongeza sentimita mbili ili ifanane na kweli.
Imo ofisini kwa watu wa Bonde, imegongwa muhuri.
Huenda imo kwenye mchoro fulani ukutani,
katika mstari mwekundu,
nukta yangu ndogo ya uongo.

Tulikutana darasani, tumekaa kwenye madawati ya watoto,
magoti kidevuni. Afisa akasoma: visima tisa, vibali viwili.
Akataka pampu zipeane zamu.
Maduhu akasema maji ya Mungu hayana mita.
Kwandu, toka nyuma:
"Hata mchanga ni wa Mungu. Mbona unauuza?"

Ijumaa hii: kumi na tisa nukta mbili.
Iliyopita: kumi na tisa nukta mbili.
Sijui ni zile zamu, au ni mvua ya vuli
inayotafuta njia kwenye jiwe.
Kwa kuwa najijua, nikateremsha utepe mara ya pili,
taratibu, nimeshika pumzi.

Ti.