Kumi ni Kumi

Siku ya tatu Dadi kaacha kuharisha.
Kaomba uji, kamkimbiza jogoo.
Nikavitazama vidonge saba vilivyobaki
nikasema: si vikae tu, vitamfaa mdogo wake.

Nesi Fadina alikuwa keshanijua.
"Somoe, kumi ni kumi.
Tumbo limepona, mwili bado."
Akanichorea vijiti kumi nyuma ya kadi ya kliniki,
kama karani anavyohesabu magunia.

Zinki.
Mimi nilidhani ni ile ya bati,
ile inayozuia kutu
juu ya nyumba tulizoezeka mwaka ule korosho ilipopanda bei.
Kumbe na paa la mtoto huvuja.

Akaniuliza, mnakula nini?
Muhogo. Asubuhi ming'oko, jioni muhogo.
"Na korosho?"
Nikacheka. Korosho inakwenda ghalani Tandahimba,
sisi tunabaki na harufu ya mabibo mikononi.
Yeye hakucheka.
"Humo imo. Na kwenye mbaazi, na kwenye dagaa
unaowapita sokoni ukifuata sukari."

Leo kijiti cha tisa.
Nayeyusha kidonge kwenye kijiko cha maji,
Dadi anakunja uso, anameza,
ananionyesha ulimi kwamba kweli kameza.

Gunia la mwisho, kabla sijalishona,
nimechota kopo moja.
Mume wangu kaona.
"Mzigo utapungua," kasema.
Kisha kanyamaza,
kaenda kutafuta bati kuukuu
la kuzichomea.