Fundi wa Mtaa wa Aggrey

Naitambua kabla hajaiweka mezani:
kona imepasuka, kava la zambarau.
"Inachemka usiku," anasema Siwema,
"hata nisipoigusa. Na bando la wiki
siku mbili tu limekwisha."

Feni inazungusha vumbi la Kariakoo.
Nashika bisibisi, sina cha kufungua.
Najua mdudu alipo:
kavaa jina la kikokotoo,
wala hahesabu kitu ila nyayo zake,
Buguruni, Mnazi Mmoja, kwa mama yake Temeke,
na kila "umelala?" anayoandikiwa na dada.

Mwezi uliopita mwanamume mmoja aliileta.
Akasema ni yake. Akalipa elfu thelathini.
Sikumuuliza mbona namba ya siri
aliisoma kiganjani.

Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa.
Hatukuambiwa nani huishona ile nguo.

Nakifuta kikokotoo.
Namrudishia aweke namba mpya,
nami nageukia ukutani, kwenye kalenda ya duka la betri,
nasubiri vidole vyake vinyamaze.

"Usimpe mtu," namwambia. "Hata fundi."

Anacheka, anafungua pochi:
"Haya, nikupe shilingi ngapi?"