Mashine Isiyo na M

Herufi M ilikatika mwaka wa tisini na moja
nikiwa ukurasa wa thelathini wa kitabu chake.
Fundi wa karibu na stesheni ya Nakuru alisema
chuma cha namna hiyo hakipatikani tena.
Mchungaji Daktari Gathemia akacheka: "Piga hivyo hivyo, Kageha.
Acha nafasi. M nitazitia mwenyewe."

Basi nikampiga chapa Mungu bila M,
naye kila jioni, kwa kalamu ya wino wa buluu,
akamrudishia Mungu kichwa chake, mstari kwa mstari,
na Musa, na maji, na moto.
Mtu bila M ni tu.
Hilo lilimpendeza. Alikwenda kulihubiri Lanet.

Babake alikama ng'ombe wa mzungu kule Njoro,
akiwahesabu kwa mafundo ya kamba.
Mtoto alijifunzia kusoma kwenye magunia ya pareto.
Skotlandi walimpa miaka minne, joho, na kikohozi
kisichomtoka hata kiangazi cha Bahati.
Akarudi akakabidhiwa chuo: mabweni mawili ya mabati,
ng'ombe wanane, deni la unga,
na wanafunzi ishirini na sita waliotaka kujua upesi
nani aliteuliwa kabla ya misingi ya ulimwengu
na nani hakuteuliwa.

Alifundisha polepole. Mungu anisamehe, alichosha.
Nimewaona wazee wa kanisa wakilala wima kama nguzo za ua.
Swali la kwanza la katekisimu lilimchukua muhula mzima,
na karo ya muhula haikutosha kulipia taa.

Kisha Januari ile, baada ya kura.
Moshi ulipanda kutoka Kaptembwo,
nasi tukajaa chuoni, wa kila lugha,
na Wakikuyu waliofukuzwa Molo wakiwa na sufuria tu,
jikoni, ukumbini, chini ya meza za mitihani.
Mimi na wanangu tulilala kati ya rafu za Kiebrania na ukuta.

Vijana walifika langoni saa tatu usiku, na mapanga.
Walikuwa wa kwao. Wawili aliwabatiza yeye.
"Mwalimu, tupe orodha. Tunajua imepigwa chapa."
Ilikuwa imepigwa. Niliipiga mimi, kwa ajili ya mgao wa blanketi:
Muhonja akiwa uhonja, Mutai akiwa utai,
maana hakupata nafasi ya kutia M.

Alitoka na sweta, bila kola.
"Orodha ya wateule," akasema kwa sauti ile ya darasani,
"nimeitafuta miaka thelathini, kwa Kilatini, kwa Kigiriki.
Sijaiona. Mkiipata nileteeni,
nami nitazame kama nimo."
Halafu akakohoa. Akakohoa muda mrefu sana.
Mmoja wao akamwambia, "Ingia ndani, Mwalimu, kuna baridi."
Wakaondoka. Sijui kwa nini. Usiku uliofuata
wengine walichoma zizi, na ng'ombe watano ndani.

Juni, presbiteri ikaunda kamati.
Magunia arubaini ya mahindi ya chuo yametolewa bila kikao,
bila kumbukumbu, bila sahihi ya mweka hazina.
Alikiri kila gunia.
Wakamstaafisha kwa heshima, wakampa saa ya ukuta.

Kitabu hakikuchapishwa. Nairobi walisema ni kirefu.
Tulimzika Njoro siku ya mvua, kaburi likiingia maji,
mtu fulani akisoma shahada zake zote kwa Kiingereza.

Boksi lake liko chini ya kitanda changu.
Kurasa mia nne na kumi, nimezipitia kwa miwani mipya.
M zote zimo, za buluu, nyingine zimefifia.
Ila ukurasa wa mwisho, alioniletea wiki ile ya kamati,
hakuugusa:

Kila aliyefika langoni alikuwa  tu,
na  ungu hakuo ba orodha.

Kalamu ninayo. Sijaijaza.