Reli ya Usoke

Saa saba mchana reli ya Usoke hupinda.
Chuma kilichonyooka alfajiri
kinajikunja kama nyoka aliyekanyagwa,
nasi wa genge tunafika na nyundo, msumeno, geji.
Tunakata huku, tunakata kule,
tunatoa kipande kilicholewa jua,
tunaingiza kizima, tunakaza nati.
Kipimo? Reli ya pili, ile iliyobaki nyoofu.
Saa kumi na moja garimoshi la Kigoma linapita
na abiria hawajui wamepita juu ya nini.

Binti yangu Kalunde ana miaka minane.
Hajawahi kuliona.

Daktari Gwimo, pale Kitete, alichora ngazi
nyuma ya kadi ya kliniki.
Kila seli, akasema, ina njia kama yako,
reli mbili zimesokotana, mataruma ni herufi,
herufi nne tu, zimerudiwa mpaka zikatosha mtu.
Jua likipiga ngozi, herufi mbili jirani zinagandana,
njia inavimba.
"Kwako na kwangu genge lipo.
Halidai posho. Linakata huku, linakata kule,
linasoma reli ya pili, linajaza, linaunga,
mara maelfu kwa siku, wewe unakunywa chai."
Na kwa Kalunde?
Akatazama kalamu yake.
Kwa Kalunde, mwenye msumeno hakuzaliwa.

Nikauliza kosa ni la nani, nikitaka aseme langu.
La nusu, akasema. Nakala moja mbovu kwako, moja kwa Nyamizi,
na kila mmoja ana nzima ya kuifunika.

Basi methali ile ya ufa na ukuta
msinitajie. Inadhani kila aliyezaliwa
kazaliwa na mwiko.

Tumekuwa genge la nje.
Nyamizi ameshona kanga mbilimbili madirishani,
na glavu za kaki kutoka sare yangu kuukuu.
Mwalimu Ndaki huja na chaki baada ya magharibi.
Kila Jumamosi, kwa tochi, naisoma ngozi yake
kama ninavyozitembea kilomita zangu tisa:
shavu, pua, sikio la kushoto —
hapa doa jipya. Naandika kwenye daftari la kazi,
tarehe, ukubwa wa punje ya mtama.
Mwanza walishakata mawili.

Jana jua lilipozama nyuma ya mininga
alitoka mbio kucheza rede.
"Baba, si tunaitwa Wanyamwezi?
Sasa jua la nini?"

Na garimoshi likachelewa.
Miaka ishirini kazini, mara ya kwanza nashukuru.
Likaja saa mbili usiku, taa zote zinawaka.
Akayahesabu mabehewa, kumi na manne,
akanishika mkono, mkono mtupu, bila glavu:
"Mlikaza vizuri?"

Tulikaza, mwanangu.
Hii ya huku, tulikaza.