Uti wa Mgongo

Jumanne ile, Isyonje, ukungu haujapanda,
niliinama kuokota kiberiti.
Kiberiti tu.
Si gunia la viazi, si lumbesa yenye kilemba
iliyoshonwa kwa katani ikatuna kama mja mzito.
Nikabaki palepale, nimepinda kama mundu,
pua yangu na tope zikisalimiana.
Gwakisa, juu ya fuso, akapiga kelele:
"Asegelile, umedondosha nini?"

Miaka kumi na tisa.
Sikumjibu.

Tukuyu, chumba cha mazoezi, Dada Tumwangile
hakuanza na sindano.
Aliuliza kama karani wa sensa:
Unanyanyuaje? Unalala juu ya nini?
Ukisubiri gari, unakaaje?
Nikamweleza. Nakunja kiuno; magoti hayajui kazi.
Nalala kwenye godoro lenye bonde katikati,
bonde alilolichimba marehemu baba.
Gari likichelewa nakaa juu ya jiwe,
nimejikunyata, baridi inanitafuna mbavu.
Deni la mbolea hakuliuliza. Nikalitaja mwenyewe,
na ada ya Atupele.
"Andika na hayo," alimwambia mwanafunzi wake.
"Hayo nayo hukaza misuli."

Kisha akaweka ndoo tupu sakafuni.
Inyanyue.
Nikacheka. Mimi!
"Hapana. Chuchumaa. Isogeze kifuani kama mtoto.
Sasa miguu ndiyo ipande.
Ukigeuka, geuza nyayo, usisokote kiuno."
Mara ishirini.
Mbeba lumbesa nikatoka jasho kwa ndoo yenye hewa.

Mama alikwisha nitandikia: lala, mwanangu,
usitikisike hadi mwezi uandame.
Lakini Dada alisema kitanda ni dawa ya siku mbili,
ya tatu ni kutu.
Basi alfajiri natembea, polepole, koti la mvua begani,
hadi shamba la pareto na kurudi.
Jioni, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa khanga
hunikalia kiunoni kama paka.
Godoro tumeligeuza, tukalisaidia kwa mbao.
Nalala ubavu, mto katikati ya magoti,
na mke wangu gizani huuliza:
"Huyu mtoto wa tatu umemleta lini?"

Onyo moja Dada alilirudia akiwa hacheki:
mguu ukifa ganzi, mkojo ukigoma,
usingoje siku ya kliniki,
njoo usiku huohuo, hata kwa pikipiki.

Nikamuuliza, na kilemba cha gunia?
Mnunuzi hataki gunia lisilo na kilemba.
Akatazama ndoo yake.
Zoezi la hilo hakuwa nalo.

Shuleni tulikariri, mikono nyuma, jua likituchoma:
kilimo ni uti wa mgongo wa taifa.
Mwalimu hakusema taifa hulala upande gani,
wala nani hulikanda likiamka limekakamaa.

Nimerudi kazini. Nabeba magunia machache,
wawili wawili, mmoja kila pembe,
na fedha zimepungua, sitadanganya.
Jana Gwakisa aliinama kuchukua kandambili,
miguu imenyooka, kiuno kimekatika katikati.
"Magoti, ndugu yangu," nikamwambia. "Piga magoti!"

Akanitazama kwa muda.
"Asegelile," akasema, "umeokoka?"