Upande wa Haldane

Julai, Monaro. Umande umeganda.
Vishungi vya sufu vimenasa kwenye seng'enge,
upande wetu. Upande wa Haldane pia.

Coralie anamlaza kondoo ubavu,
anapasua njia katika sufu kwa vidole gumba,
kumi huku, kumi kule,
anahesabu kwa kunong'ona, utadhani watamsikia.
Mimi nashika tochi. Mwanga hawaupendi:
usipowahi, wameshazama.

Kumi na tisa, safi.
Wa ishirini, nyuma ya bega,
chembe ya rangi ya chai ya maziwa
inatembea.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Lakini miaka minne hatusemezani na Haldane,
tangu ile kesi ya mbwa.

Coralie ananyoosha mgongo,
anajifuta mikono kwenye suruali,
ananipa simu.