Sekunde Arobaini na Tatu

Ilinifikia alfajiri, saa kumi na moja na dakika hamsini,
Masasi ingali imevaa ukungu, majabali yametoa vichwa tu,
uji wa mtama mkononi, taarifa ya saa kumi na mbili mezani,
kurasa mbili: mnada wa korosho, chanjo ya kuku.

Sauti ya mwanamke. Kikohozi. Jogoo kwa mbali.
"Yule karani wa mizani, Nangomwa, mwenye pengo,
kachomeka kijiti. Kilo nne kila gunia. Nne!
Halafu mnashangaa mlango wake umepakwa rangi ya bluu,
ule wa pili ukitoka kisimani."
Sekunde arobaini na tatu, basi.

Uji haujapoa nimeshaletewa mara kumi na moja:
na binamu, na katekista, na fundi baiskeli wa Nangwale,
na mtu nisiyemjua, aliyeongeza kamstari chini:
Mtangazaji, kama huogopi, rusha.

Kama huogopi.
Nimewahi kutoogopa, ndugu yangu.
Mwaka ule ubwiri unga ulipokula maua ya mikorosho
nilisoma jina la Somoe Chilumba, muuza salfa,
kwamba anaichanganya na majivu.
Maneno kumi na tisa. Niliyahesabu baadaye, usiku, zaidi ya mara moja.
Ilipofika adhuhuri duka lake halikuwa na bati.
Siku ya nne bwana shamba akaja na karatasi ya maabara:
salfa ni salfa, mvua ndiyo iliyoiosha.
Nikasoma masahihisho, sauti ileile, saa ileile,
umeme ukakatika kabla sijalifikia jina.
Hakuna aliyepiga simu kuuliza nilitaka kusema nini.

Siku hizi anauza bagia stendi ya Nachingwea.
Nikipita hununua, za mia tano,
naonyesha kwa kidole.
Sauti yangu anaijua.

Sasa Twalibu, kijana wa mitambo, ananitazama kupitia kioo,
kidole juu ya kitufe. "Wenzetu wamesharusha, kaka."
Simu ya bosi inawaka: wadhamini wanasikiliza, wewe umelala?
Nampigia Nangomwa, hapatikani.
Mwenyekiti wa chama anapokea, anapumua, anakata.

Na huenda ni kweli. Hilo ndilo linalonikaba.
Huenda kijiti kipo, na mimi, kwa sababu ya bagia za mia tano,
nayafukia majasho ya watu waliookota korosho kwa magoti.
Kimya changu nacho kina masafa yake;
mwizi hukipata bila mkwaruzo.

Taa nyekundu.
Nikasoma korosho. Nikasoma kuku.
Ujumbe ukamiminika: Umehongwa kilo ngapi?
Mwingine: Hata mlango wako tutaijua rangi yake.

Tangazo la sabuni likiendelea
nikampa Twalibu ufunguo wa pikipiki
na mfuko wa saruji, haujafunguliwa,
niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya choo cha mama.
"Kilo hamsini, imeandikwa. Uweke kwenye mizani yao, watu wakiona.
Piga picha ya mshale. Ya mtu usipige."
"Na ule mlango?"
"Mlango si habari."

Akaondoka, saruji imefungwa nyuma kama mgonjwa.
Nikabaki na kipaza sauti, sisi wawili,
nikawaambia wasikilizaji yale machache niliyokuwa nayo:
kwamba kuna neno linazunguka, kwamba tunalipima,
kwamba sitalitaja lina jina la nani.
Haikuwa nzuri. Nilisikia mwenyewe ninavyobabaika.

Saa tatu kasoro simu inaita. Ni yeye.
Naiacha ilie mara mbili, ya tatu.
Nataka, kabla sijajua,
nikumbuke vizuri nilivyokuwa sijui.